Maurice Wilks: Mtu aliyeipa Land Rover gia ya kupandia mlima

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari ya kila umri yakajaa barabarani. Kama ulipiga picha pale, au nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuendesha 109, basi jina hili linakuhusu: Maurice Wilks.

Alizaliwa Uingereza, Agosti 19, 1904. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Marekani na kufanya kazi General Motors kuanzia 1926 hadi 1928. Aliporudi kwao alipitia Hillman, kisha mwaka 1930 akajiunga na kampuni ya Rover, ambako kaka yake Spencer naye alikuwa mkubwa wa kazi.

Rover wakati huo walitengeneza saluni za watu wenye heshima zao. Habari za matope hazikuwahusu kabisa.

Vita ikabadilisha mambo. Wilks na mafundi wake wakapewa kazi kwenye injini ya ndege ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Baadaye Rover waliiachia Rolls-Royce kazi hiyo, wao wakachukua injini ya kifaru iitwayo Meteor.

Jeep ya shambani

Vita ilipoisha, Wilks alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales. Kazi za pale alizifanya kwa Jeep ya jeshi la Marekani iliyobaki vitani. Jeep ikachoka. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimuuliza atanunua nini ikifa, naye hakuwa na jibu zaidi ya kutafuta Jeep nyingine. Hakukuwa na gari lingine la namna ile.

Hapo ndipo wazo likazaliwa. Inasemekana mchoro wa kwanza aliuchora kwenye mchanga wa ufukwe wa Red Wharf Bay mwaka 1947.

Gari la kwanza la majaribio lilikuwa mchanganyiko: chesisi na ekseli za Jeep, injini ya Rover, na usukani katikati ili lisibague nchi za kushoto na za kulia. Chuma kilitolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu.

Aprili 30, 1948, Land Rover ilioneshwa rasmi Amsterdam.

Siri ilikuwa kwenye gia

Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, nguvu za farasi kama 50 tu. Toyota Vitz ya lita 1.0 inaizidi. Sasa ilipandaje milima na kuvuta jembe?

Jibu ni gia. Wilks alichukua giaboksi ya saluni ya Rover, akaongeza nyuma yake boksi ya pili ya gia, inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Ndani ya boksi hiyo kuna gia ya kawaida na gia ya nguvu. Ukiweka gia ya nguvu, injini inazunguka mara nyingi, tairi inazunguka kidogo, na ule msukumo unaongezeka.

Kisha nguvu inaingia kwenye difu. Kwa Land Rover nyingi za zamani uwiano wa difu ni 4.7, maana yake propela inazunguka mara 4.7 ndipo tairi izunguke mara moja. Injini ndogo, kazi kubwa.

Mwanzoni magurudumu yote manne yalivuta muda wote. Miaka michache baadaye mfumo ukabadilishwa, dereva akawa anachagua mwenyewe. Wazee wanavikumbuka vile vishikio viwili sakafuni: cha manjano unakigandamiza ili ekseli ya mbele ivute, chekundu unakivuta kupata gia ya nguvu.

Palipokuwa dhaifu

Kujenga kwa vifaa vya saluni kuliokoa muda na pesa, ila kulikuwa na gharama yake. Shafti zinazotoka kwenye difu kwenda tairi za nyuma zilikuwa nyembamba kwa gari linalobebeshwa mizigo ya lori. Pakia kupita kiasi, weka gia ya nguvu, achia klachi kwa pupa, na shafti inakatika.

Ndiyo maana madereva wengi wa porini walitembea na shafti ya akiba. Kwenye Land Rover za baadaye unafungua bolti za kitovu cha tairi na kuichomoa bila hata kutoa tairi, ingawa kipande kilichobaki kwenye difu kinaweza kukutoa jasho. Huna shafti? Gandamiza kile kishikio cha manjano, ekseli ya mbele ikuvute taratibu mpaka nyumbani. Kwa mtu aliyekwama mbali na mji, hilo lilikuwa jambo la uhai.

Wilks hakuishi kuona tatizo likimalizwa. Alifariki Septemba 8, 1963, akiwa na miaka 59 na ni mwenyekiti wa Rover. Kufikia 1972, Land Rover 109 zote zilikuwa zinatoka kiwandani na ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, iliyo nene na imara zaidi. Mwaka 1976 Land Rover ya milioni moja ikatoka kiwandani.

Wewe unayetaka kuiboresha leo

Wapo wanaofunga difu ya 3.54 kutoka Range Rover au Discovery ili gari likimbie lami bila kelele. Sawa, lakini piga hesabu: ukitoka 4.7 kwenda 3.54 unapoteza karibu robo ya msukumo wa kupanda mlima. Ukiongeza na tairi kubwa unapoteza zaidi, na shafti zinabeba mzigo mkubwa zaidi.

Na ukibadilisha difu ya nyuma, ya mbele nayo ibadilishwe kwa uwiano uleule. Zikitofautiana, siku utakapounganisha ekseli zote mbili kwenye ardhi ngumu zitavutana, na kitu kitavunjika ndani.

Ukitaka injini kubwa, anza na shafti, kisha difu, ndipo injini. Wengi wanaanza na injini kwa sababu ndiyo inayosikika. Wilks alianza na gia, na kwa farasi 50 gari lake likafika ambako magari yenye nguvu zaidi yaliishia njiani.