Hayati Chifu Luthuli na Watu Wake wa Groutville

Hayati Chifu Albert John Luthuli alizaliwa mnamo mwaka 1898 karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mahali ambapo baba yake alikuwa akifanya kazi katika misheni ya Wasabato. Wazazi wake walimpa pia jina la Kizulu, Mvumbi, maana yake mvua inyeshayo bila kukatika, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko yale ya kigeni. Baba alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake, Mtonya Gumede, alimrudisha kwao Groutville, kijiji cha misheni kilichomo katika mashamba ya miwa ya pwani ya Natal, Afrika Kusini, akamsomesha kwa jasho lake, kwa kulima mboga na kufua nguo za watu.

Kijana huyo alihitimu ualimu, na mwaka 1920 akaingia Chuo cha Adams, ambako alifundisha kwa takriban miaka kumi na mitano. Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, aliikataa, kwani aliona umefika wakati wa mama yake kupumzika na yeye kumtunza. Hapo Adams ndipo alipokutana na Nokukhanya Bhengu, mwalimu mwenzake, wakafunga ndoa mwaka 1927, na Mungu akawajalia watoto saba. Mume alibaki chuoni akifundisha. Mke alikwenda Groutville kuishi na mama mkwe na kulima. Wanaosimulia maisha ya Luthuli aghalabu humpita mama huyu kwa haraka, nao hukosea, maana mkono ulioshika jembe katika nyumba ile kwa miaka mingi ulikuwa wake.

Uchifu wa Groutville haukuwa wa kurithi. Wakristo wa kijiji hicho walikuwa na desturi ya kumchagua chifu wao. Wazee walimwendea mwalimu Luthuli, naye akasita kwa muda wa miaka miwili, kwa sababu mshahara wa chifu ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mwalimu, na watoto walikuwa wakiongezeka. Hatimaye alikubali, na mwanzoni mwa mwaka 1936 akaanza kazi ya kuwaongoza watu wapatao elfu tano.

Miaka kumi na saba iliyofuata ndiyo iliyomfunza siasa. Kila siku alisikiliza mashauri: huyu kagombana na jirani juu ya mpaka, yule hana ardhi ya kumgawia mwanawe aliyeoa. Aliwaruhusu wanawake kuhudhuria mabaraza ya kijiji na kutoa maoni yao, jambo ambalo machifu wengi wa siku hizo wasingelikubali. Wakulima wadogo wa miwa walipobanwa na sheria ya sukari ya mwaka 1936, aliwakusanya, akakifufua chama chao, kisha akaunda chama kikubwa zaidi cha wakulima Waafrika wa Natal na Zululand. Hata hivyo aliona kwamba kila shauri alilolitatua lilikuwa na mzizi mmoja, nao ni uhaba wa ardhi, na mzizi huo chifu hakuwa na uwezo wa kuung'oa.

Ndipo alipojiunga na chama cha African National Congress, na mwaka 1951 akachaguliwa kuwa kiongozi wake katika Natal. Mwaka uliofuata, wananchi walipoanza kuzivunja kwa makusudi sheria za ubaguzi, Serikali ya Makaburu ilimtaka achague moja, chama au uchifu. Alikataa kuchagua, kwa kuwa hakuona ni vipi mtu anaweza kuwa chifu wa watu na wakati huo huo akawa adui wa haki zao. Mnamo Novemba 1952 aliuzuliwa. Mwezi uliofuata chama kilimchagua kuwa Rais wake wa nchi nzima, na watu wa Groutville wakaendelea kumwita Chifu mpaka alipofariki.

Kuanzia hapo maisha yake yalizungushiwa amri za kumfungia. Mwishoni mwa mwaka 1956 alikamatwa pamoja na wenzake wengi kwa shtaka la uhaini, ingawa baadaye aliachiwa. Baada ya polisi kuwapiga risasi wananchi huko Sharpeville mnamo Machi 1960, aliichoma pasi yake hadharani, akatiwa kizuizini. Alipotunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, aliruhusiwa kutoka kwa siku chache tu, akaipokea mjini Oslo tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Tanganyika kupata Uhuru. Alivaa vazi la kichifu la Kizulu, na mkewe alikuwa naye. Sehemu ya fedha za nishani ilitumika kununua mashamba nchini Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini, kwa ajili ya wakimbizi, na Nokukhanya akaenda huko kulima, kama alivyozoea.

Nyumbani hali ilizidi kuwa ngumu. Ilikuwa ni kosa kuchapisha maneno yake popote katika Afrika Kusini, na amri mpya ya mwaka 1964 ilimkataza hata kwenda Stanger, mji wa jirani.

Tarehe 21 Julai 1967 alitoka nyumbani kwa miguu kwenda kwenye duka lake dogo. Baadaye ilitangazwa kwamba amegongwa na gari moshi la mizigo katika daraja la reli la mto Umvoti, na uchunguzi wa mwaka huo ukasema hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Mzee aliyevuka daraja lile mara nyingi, akijua nyakati za magari, aliwezaje kugongwa mchana kweupe? Familia yake haikuisadiki habari hiyo hata siku moja.

Mwaka 2025 uchunguzi ulifunguliwa tena katika Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg. Mwezi Oktoba mahakama iliamua kwamba Chifu hakuuawa na gari moshi. Alifariki kwa kupasuka fuvu na kuvuja damu katika ubongo, kutokana na kipigo cha polisi wa usalama walioshirikiana na wafanyakazi wa reli. Miaka hamsini na minane ilikuwa imepita. Nokukhanya, aliyefariki mwaka 1996, aliwahi kuushuhudia uchaguzi wa Aprili 1994, lakini uamuzi huo haukumkuta.