Munganga Dutton: alitafuta malale, akauawa na kimputu

Kimputu wazee wa huku wanakijua tangu zamani. Kinakaa katika nyufa za ukuta na vumbi la chini, kinatoka usiku, kinauma mtu akiwa amelala, na mbele jua litoke kimekwisha kujificha. Vijidudu vya homa yake wataalamu wanaviita Borrelia duttonii. Jina hilo ni la munganga mmoja aliyefia Kasongo, Maniema, upande wa mto huu huu wa Lualaba unaopita Nzilo, karibu na Kolwezi.

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea udaktari Liverpool. Mwaka 1901 alikuwa Gambia, ambako kapiteni wa masua alikuwa na homa isiyoisha. Munganga Forde alikuwa amekwisha kuona katika damu yake vitu vinachezacheza sawa minyoo, lakini hakuvitambua. Dutton alivitambua kuwa trypanosoma. Lakini hakuna aliyewaza bado kwamba njo vinaleta malale. Hiyo ilijulikana kutoka Uganda, wakati Aldo Castellani alivikuta katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.

Ubaya wa malale ni pale. Kwanza vijidudu vinakaa katika damu na tezi za shingo, miezi, hata miaka. Mtu anaumwa kichwa, homa inakuja na kwenda, lakini bado analima. Kisha vinaingia ubongoni. Chembe nyeupe za damu zinajikusanya kuzunguka mishipa midogo ya ubongo, na saa ya mwili inaharibika: mchana analala, usiku anakesha, tabia inageuka, jamaa wanasema amelogwa.

Mwaka 1903 Shule ya Matibabu ya Tropiki ya Liverpool ilimtuma Kongo, pamoja na John Todd wa Kanada na Cuthbert Christy. Mfalme Léopold II ndiye aliyeomba. Wakapanda na mto kutoka Boma, wakaona malale inafuata njia za watu: masua, misafara ya wapagazi. Dutton na Todd wakafundisha njia rahisi ya kuitafuta: kushika shingo, na tezi ikivimba kuitoboa na sindano, kutazama maji yake kwenye mikroskopi.

Njia ile ilisaidia, lakini tuseme ukweli, baadaye iliumiza watu. Tezi inavimba juu ya sababu nyingi. Vijiji vikapangwa mstari, wenye tezi wakafungiwa katika lazareti mbali na jamaa, na dawa ya wakati ule, atoxyl, ilipofusha wengine. Wengi walikimbilia porini. Huku Katanga, munganga Jérôme Rodhain alichunguza malale upande wa Bukama kati ya 1910 na 1912.

Mwisho wa 1904, kule Kisangani, Dutton na Todd walishika kazi ya kimputu. Wakatumia nyani kuonyesha kwamba kikiuma kinapitisha homa, na hata vitoto vyake vinatoka katika yai na ugonjwa tayari. Jambo wenyeji walilolisema tangu mbele! Homa hiyo nayo inaweza kufika ubongoni, ikapindisha uso. Wote wawili ikawashika.

Dutton alikufa tarehe 27 Februari 1905, na miaka 30. Todd akamaliza kazi peke yake. Siku hizi malale ya huku kwetu inatibiwa na vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa zaidi hapa Kongo, hata kama imeingia ubongoni. Ikizidi sana, mgonjwa bado anapewa dawa ya mshipa hospitalini.