TOM MBOYA, MWANA WA RUSINGA ALIYEKOSA KARO

Muhula uliopita mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitupa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu wengi walimkimbilia Shaaban Robert. Mimi nilimchagua hayati Tom Mboya, na si kwa sababu jina lake limeandikwa barabarani kule Nairobi. Nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, asili yake ni Msuba kama nyanya yangu. Pili, aliacha shule kwa kukosa karo, na hapa Muhuru Bay jambo hilo halihitaji kufafanuliwa. Wavulana wanne tulioanza nao Kidato cha Kwanza sasa wako Migingo wanavua mbuta. Serikali inalipa karo ya masomo katika shule za kutwa tangu mwaka wa 2008, lakini pesa za chakula cha mchana, sare na mtihani si mchezo kwa mzazi anayetegemea omena.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Hakuzaliwa Rusinga kama wengi wanavyodhani. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la familia ya McMillan. Baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo. Mama yake aliitwa Marcella Onyango. Wote wawili walitoka kisiwa cha Rusinga, wakaenda mbali kutafuta riziki kama watu wengi wa ziwani walivyofanya wakati wa ukoloni.

Hapa sina budi kueleza kidogo kuhusu Wasuba, maana hata baadhi ya wenzangu darasani hawajijui. Wasuba ni watu wa jamii ya Kibantu wanaoishi Rusinga, Mfangano, Gwassi, Kaksingri na huku kwetu Muhuru. Wazee husimulia kwamba mababu wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda wakikimbia vita vya ufalme. Lugha yao iko karibu na Kikuria na Kigusii. Wazee wa Muhuru huita lugha yao Olumuulu. Wamisheni walipofika Nyanza Kusini, kwa mfano Waadventista waliofungua kituo cha Gendia karibu na Kendu Bay mwaka wa 1906, walijifunza Dholuo, wakachapa vitabu kwa Dholuo na kufundisha kwa Dholuo. Tayari Wasuba walikuwa wakioana na Wajaluo na kufanya biashara nao, kwa hivyo hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Lakini mtoto aliyetaka kusoma ilibidi aiache lugha ya mama yake mlangoni. Rusinga waliiacha mapema sana. Mfangano wangali wanayo.

Mboya alianza safari ya elimu katika misheni ya Kabaa, Ukambani. Madaftari hayakuwapo ya kutosha, kwa hivyo watoto walijifunza kuandika kwa kidole mchangani chini ya mti. Hebu fikiria, msomaji, umeandika vizuri halafu upepo unavuma! Mwaka wa 1942 akapelekwa Nyanza, shule ya Mtakatifu Maria, Yala. Mwaka wa 1946 akarudi upande wa Thika kujiunga na Chuo cha Holy Ghost, ambacho leo tunakiita Mang'u. Ukihesabu, mtoto huyu wa Rusinga alisomea Ukambani, Nyanza na Ukikuyuni, na shule zote hizo zilikuwa za mapadri. Ndiyo sababu alizungumza Kiswahili, Kikamba, Kikikuyu, Dholuo na Kiingereza. Baadaye wapinzani wake wa kisiasa walishindwa kumfungia ndani ya kabila moja, kwa kuwa aliweza kusimama jukwaani Nairobi na kila mtu akadhani ni wa kwao.

Enzi hizo Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao na Waafrika zao. Za Waafrika ndizo zilizopata pesa kidogo kuliko zote, na za sekondari zilihesabika kwa vidole nchi nzima. Padri au mchungaji ndiye aliyeamua lugha ya darasa, sala ya asubuhi na hata jina ambalo mtoto angeitwa. Mzazi wa Kiafrika hakuulizwa chochote. Alitakiwa kuleta mtoto na karo tu.

Karo hiyo ndiyo iliyomshinda Mzee Ndiege. Mwaka wa 1947 Mboya aliondoka Mang'u kabla ya kuufanya mtihani wa Cambridge, maana wadogo zake nao walihitaji kusoma. Hakuwa mjinga wala mtukutu. Pesa zilikwisha, basi. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha maofisa wa afya kwa sababu huko mwanafunzi hakulipa karo. Alihitimu mwaka wa 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kuna kisa kimoja cha siku zile ambacho nilikisoma mara tatu. Mboya alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Mama wa Kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake! Akamuuliza yule mama kama macho yake yana kasoro. Mama alikasirika, akaenda kumshtaki, na wengine wakatia sahihi wakisema hawataki kuhudumiwa na Mwafrika. Nilipowasimulia wenzangu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye nikawaza: kijana huyu ana cheti, ana kazi, anajua lugha tano, na bado ofisi yenye yeye ndani yake huhesabiwa kuwa tupu.

Mambo yake ya chama cha wafanyakazi nitayapita haraka kwa kuwa yamo katika vitabu vya Historia. Mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Usiku alisoma kwa njia ya posta. Mwaka wa 1955 alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ninalotaka kulieleza kwa kituo ni habari ya ndege. Uhuru ulikuwa unakaribia na kila mtu aliuona. Lakini nani angeendesha ofisi, hospitali na mahakama? Makerere ilichukua wachache kutoka Afrika Mashariki nzima, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa bado kichanga. Mboya alikwenda Marekani mwaka wa 1959, akazunguka vyuo vingi akihutubia na kuomba nafasi za masomo. Alipata wafadhili, miongoni mwao Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji wa filamu. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Huku nyumbani wazazi walikuwa wameuza ng'ombe, vijiji vikafanya michango na karamu za chai ili kijana wao asiende mikono mitupu.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilidai eti vyuo vya Marekani ni hafifu na kwamba wanafunzi wengine hawakuwa tayari. Mwaka wa 1960 pesa za ndege zilipungukiwa, Mboya akaenda kumwona Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka wa 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesaidiwa kwa mpango huu. Mmoja wao, Wangari Maathai, alikwenda mwaka wa 1960, na mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Barack Obama mkubwa, ambaye ukoo wake una mizizi Kendu Bay kule Homa Bay, hakupanda ndege ile, lakini mpango huo ulimsaidia akiwa Hawaii. Pamela Odede, ambaye Mboya alifunga naye ndoa mwaka wa 1962, alikuwa katika kundi la 1959.

Wakati huohuo Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa akipeleka vijana Urusi na nchi nyingine za Mashariki. Sasa mtoto wa Nyanza akitaka masomo ilibidi kwanza ajulikane ni wa Mboya au wa Odinga. Elimu ikawa siasa kabla hata mtu hajafungua kitabu. Nadhani hilo halijaisha. Hapa kwetu orodha ya basari ikitoka, watu husoma majina wakitafuta ukoo.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi. Ofisi yake ndiyo iliyotayarisha Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965, unaohusu Ujamaa wa Kiafrika. Mwalimu wetu wa Historia alitueleza sehemu moja ya waraka huo, nami nikaomba anirudie. Ulisema kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na faida yake ndiyo isaidie sehemu nyingine. Nilikaa kimya. Muhuru haikuwa na barabara wala umeme. Rusinga pia haikuwa. Wamasai, Waturkana na watu wa Kaskazini Mashariki nao hawakuwa. Sehemu zilizokuwa na shule nzuri zikaongezewa, nasi tukaambiwa tungoje.

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja anasema ninamwonea marehemu. Kwa maoni yake, nchi ilikuwa maskini na ilibidi kuanzia mahali fulani, na Mboya hakuuandika waraka peke yake. Sawa. Nakubali hata kwamba huenda hesabu ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Lakini mtu aliyeondoka Mang'u kwa kukosa karo alijua vizuri maana ya kungoja zamu ambayo haifiki. Ninampenda Mboya wa ndege kuliko Mboya wa waraka, na sioni vibaya kusema hivyo.

Hakupewa muda wa kurekebisha chochote. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana, alitoka katika duka la dawa, Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo, akanyongwa mwaka huohuo. Barabara ile sasa inaitwa Moi Avenue, na sanamu ya Mboya imesimama humo. Alizikwa Kasawanga, Rusinga.

Mwezi wa Februari chama chetu kilikwenda kuliona kaburi. Tulikodi matatu, tukapita Sori, Magunga na Sindo hadi Mbita, tukavuka daraja. Jengo la kaburi lina umbo la risasi. Ndani mmewekwa vitu vyake na picha za safari zake. Mtu aliyetuongoza alituzungumzia kwa Dholuo na Kiingereza, na sisi tuliuliza maswali kwa Kiswahili kwa sababu mlezi alikuwa akituangalia.

Niliporudi nyumbani nyanya alikuwa akianika omena. Aliniuliza kama watu wa Rusinga walinisalimu kwa lugha yao. Nikamwambia walinisalimu kwa Dholuo. Akaniuliza kama hata wazee. Nikasema hata wazee. Hakusema neno, akaendelea kutandaza omena kwenye wavu.

Mimi mwenyewe sijui Olumuulu. Baba anaielewa lakini haizungumzi. Nilipokuwa shule ya msingi, ambayo sitaitaja, aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni kwa kamba, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Mimi nilivishwa kwa sababu ya Dholuo. Kwa Olumuulu hakuna aliyewahi kuvishwa, kwa kuwa hakuna mtoto aliyeijua. Leo mtaala unataka watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Tangu miaka ya 1990 Kisuba kimefundishwa katika baadhi ya shule za msingi, na Agano Jipya la Kisuba lilitoka mwaka wa 2010. Lakini darasani kwa mdogo wangu hapa Muhuru lugha ya eneo ni Dholuo, na mwalimu wake akinyanyua mkono kuuliza nani anajua nyingine, hakuna kidole.

Jumapili iliyofuata safari ile nilichukua daftari la kurasa 48, nikamwomba nyanya anitajie majina ya samaki, ya upepo wa ziwani na ya sehemu za mtumbwi. Alicheka kwanza, akauliza kama ni ya mtihani. Nilimwambia si ya mtihani. Kufikia siku ninapoandika makala hii tuna maneno 63. Upepo mmoja tumebishana jinsi ya kuuandika, maana ana sauti mle katikati ambayo Kiswahili hakina, na dada yake aliyekuja kutoka Kirongwe siku ya soko anasema nyanya analitamka vibaya.