Beki wa Akiba Aliyefika Lisbon

Barazani twapenda kuhukumu wachezaji: huyu wa timu ya kwanza, yule wa akiba, basi maneno yamekwisha. Nami kila nisikiapo hayo humkumbuka Jock Stein.

Alizaliwa mwaka 1922 Burnbank, Scotland, akawa mchimba makaa ya mawe. Jumamosi alikuwa beki wa kati wa Albion Rovers, klabu ndogo. Mwaka 1950 akahamia Llanelli, Wales, timu iliyocheza Ligi ya Kusini ya Uingereza, chini ya madaraja yote makuu. Desemba 1951 Celtic wakamnunua kwa pauni 1,200, si kwa kumtegemea uwanjani, bali awe akiba na awaongoze chipukizi. Alikuwa na miaka 29. Mabeki wenye nafasi zao wakaumia. Akaingia, asitoke tena. Akawa nahodha, na mwaka 1954 Celtic wakatwaa ligi na kombe.

Mwaka 1955 aliumia kifundo cha mguu, na 1957 akaacha kucheza. Akarudishwa kule kule kwa akiba, sasa akiwa mwalimu wao. Miongoni mwao alikuwamo kijana Billy McNeill.

Mwaka 1965 Stein akawa meneja wa Celtic. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, waliifunga Inter Milan 2-1, wakawa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Aliyelipokea kombe ni nahodha McNeill, yule yule wa akiba.

Stein alifariki Cardiff, 10 Septemba 1985, mechi ya Scotland aliyoisimamia ikiwa ndiyo kwanza imalizike. Basi tusimdharau aliyevaa jezi akangoja.