Gama: Mbabe wa skwati elfu tano aliyelala kitandani wiki nzima

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Najua wengi mnasomea hapo kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo sitazunguka. Nataka tuongee kuhusu jamaa mmoja anaitwa Gama.

Vijana wa leo wanamjua John Cena, na kaka zao wa enzi za mikanda ya video wanamjua Bruce Lee. Sasa huyo Bruce Lee mwenyewe alisoma habari za Gama na kuyachukua mazoezi yake akayaingiza kwenye programu yake. Hapa Moro picha ya Gama nimeikuta kwenye simu za vijana wa jimu moja kule Mji Mpya, jimu ya kienyeji kabisa, vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Chini ya picha wameandika skwati 5,000 kwa siku. Hapo ndo shida inapoanzia, nitafika huko.

Jina lake halisi ni Ghulam Mohammad Baksh Butt. Alizaliwa mwaka 1878 huko Punjab, wakati India yote iko chini ya Mwingereza. Walikuwa Waislamu wenye asili ya Kashmir, na mieleka ilikuwa kazi ya ukoo, kama kwetu kulivyokuwa na koo za wahunzi. Baba yake naye alikuwa mpiga mieleka, akafariki mtoto akiwa na miaka kama sita. Akalelewa na babu mzaa mama, babu naye akafariki, akaangukia kwa mjomba wake Ida Pahalwan. Hilo Pahalwan ni cheo cha mpiga mieleka, kama sisi tunavyomwita mtu Fundi. Mjomba aliapa kwamba kazi ya marehemu baba yake lazima mtoto aiendeleze.

Mwaka 1888 mtawala wa Jodhpur akaitisha mashindano ya nguvu. Walikuja wanaume zaidi ya 400 kutoka pande zote za India. Shindano halikuwa la mieleka, lilikuwa la kuchuchumaa na kuinuka, basi. Unachuchumaa, unainuka, unachuchumaa, unainuka, anayeshindwa anatoka, wa mwisho kusimama ndo mshindi. Gama alikuwa na miaka 10. Yaani mtoto wa darasa la nne!

Wakaanza. Watu wakawa wanadondoka mmoja mmoja. Walipobaki kama 15 hivi, mtoto bado yumo, tena katikati ya mijitu yenye mashingo. Mtawala akasimamisha mashindano na kumtangaza Gama mshindi, kwa sababu ya umri wake na moyo aliouonyesha.

Alipiga ngapi siku ile? Hakuna aliyehesabu. Wanaosimulia wanasema bila shaka ni elfu kadhaa, na ushahidi wao ni mmoja tu: baada ya hapo mtoto alilala kitandani wiki nzima. Miguu iligoma. Huyu ndo mtu ambaye baadaye angepigana mieleka karibu miaka 50 na mpaka leo anahesabiwa kwamba hakuna aliyewahi kumshinda. Na tayari kabla ya Jodhpur alikuwa anapiga 500 kila siku, siyo kwamba alitoka tu nyumbani na kaptula yake akaingia uwanjani.

Hiyo wiki ya kitandani mimi ndo naipenda kuliko mikanda yote aliyokuja kushinda, maana inatuambia kitu kuhusu mapaja ya binadamu ambacho ile picha ya kwenye simu haisemi.

Misuli ikifanya kazi isiyoizoea inapata majeraha madogo sana ndani kwa ndani, huyaoni kwa macho. Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliyaeleza haya tangu mwaka 1902. Ile hadithi ya mtaani kwamba maumivu ya kesho yake yanatokana na asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli haina ukweli, asidi hiyo inaondoka ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kumaliza zoezi. Maumivu yanakuja siku ya pili, yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72, halafu yanapungua yenyewe. Na yanaletwa zaidi na kushuka kuliko kupanda. Msuli unaumia zaidi pale unapojivuta huku umebeba uzito, kama unapochuchumaa taratibu au unaposhuka mlima.

Wa Moro hapa mnanielewa. Panda Morningside Jumapili, ile nyumba ya Wajerumani kule juu, upandaji utakutoa jasho tu. Kushuka ndo kunakulipa. Jumanne ukitaka kukaa kwenye kiti unashika meza kwanza, na ngazi unazishuka kinyumenyume kama kaa. Mimi yamenikuta zaidi ya mara moja. Lakini angalia wale kina mama wanaoteremka Uluguru alfajiri na mikungu ya ndizi na mboga kichwani, wanakuja kuuza Soko Kuu, halafu mchana wanapanda kurudi. Uzito wao ni mkubwa kuliko begi langu la maji na chapati. Umewahi kumwona mmoja anachechemea Jumanne? Mlima ule wameuanza wakiwa na miaka sita, na kibuyu kidogo cha maji, wakaongezewa mzigo kadiri walivyokua. Msuli uliopata kashkash ya aina fulani mara moja hauumii tena kiasi kile ukikutana nayo wiki zinazofuata. Mwili unajifunza.

Gama naye ndo alivyojengwa. Baada ya Jodhpur mtawala wa Datia alimchukua akawa analelewa kwa gharama za ikulu, kazi yake kula na kufanya mazoezi. Idadi iliongezwa mwaka hadi mwaka. Akiwa mtu mzima ndo zinatajwa zile 5,000 kwa siku, na juu yake 3,000 za dand, ambayo ni aina ya pushapu ya Kihindi ya kuteleza mbele kama paka anayepita chini ya uzio, halafu anashikana mieleka na watu kama 40 kwa siku. Kwenye kula zinatajwa lita kama kumi za maziwa na lozi za kusagwa. Hizi namba za maziwa sijui wangapi kati yetu wanaweza kuzibeba mfukoni, achilia mbali tumboni.

Tena hizo skwati zake, wenyewe wanaziita baithak, si zile za kubeba chuma mabegani. Ni za mikono mitupu, visigino vinanyanyuka, mikono inapiga pembeni, mwendo wa kasi kama pampu ya baiskeli. Piga moja kila sekunde mbili, 5,000 zinakula karibu saa tatu. Alipotaka uzito alivaa shingoni pete kubwa, na ile ya kilo 95 inayosemekana ni yake imehifadhiwa kwenye makumbusho ya taasisi ya michezo ya taifa mjini Patiala, India. Baada ya mazoezi kulikuwa na watu wa kumkanda mafuta, kulala, na maziwa tena. Kupumzika kulikuwa sehemu ya ratiba, siyo uvivu.

Sasa turudi Mji Mpya. Kuna programu vijana wameipata mtandaoni, inatokana na kitabu kinaitwa Super Squats cha mwaka 1989, ingawa wazo lenyewe ni la wabeba vyuma wa Marekani wa miaka ya 1930. Unachukua uzito ambao kwa kawaida ungeupiga mara kumi, unaupiga mara 20 bila kuurudisha, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, na kila safari unaongeza kama kilo mbili na nusu. Ni kali kwelikweli. Wiki ya kwanza unaingia zoezi la pili huku mapaja bado yanalia. Kuendelea na maumivu ya namna hiyo siyo dhambi: ukipasha moto vizuri yanalegea, na baada ya wiki mbili hivi yanapungua sana. Mimi nasema mtu aanze chini ya uwezo wake, aone aibu kidogo ya uzito mdogo, kisha apande.

Lakini kuna kijana mmoja pale, jina namhifadhia, ana miaka 19, aliona hiyo ya 20 ni ya watoto. Akaitazama picha ya Gama, akaweka dau na wenzake, akapiga mia tano papo hapo, na alikuwa na miezi hajagusa zoezi. Siku ya pili alitembea kama roboti, wenzake wakacheka. Akanunua diklofenaki duka la dawa akameza. Siku ya tatu mapaja yamevimba, magumu kama mbao, na mkojo umetoka rangi ya kokakola. Nyumbani wakasema ni malaria, bibi akasema kichocho. Bahati nzuri shemeji yake ni mtu wa maabara, akambeba mbiombio hospitali, akawekewa dripu siku kadhaa. Amepona, anatania tena, ila alikuwa karibu kupoteza figo.

Kilichompata kinajulikana. Msuli ukipigwa kupita kiasi kwa ghafla unavunjika, vitu vilivyokuwa ndani ya nyama vinamwagika kwenye damu, na figo zinaelemewa kuchuja. Dawa za maumivu kama hiyo aliyomeza zinaweza kuziongezea figo mzigo, hasa kama huna maji mwilini, na joto la Moro mnalijua. Kwa hiyo wadau, mapaja kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Mkojo mweusi, uvimbe mgumu, au miguu kukosa nguvu kabisa, hapo usiulize mtandaoni, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Haya, Gama. Mwaka 1895, akiwa na miaka 17, alimkabili Raheem Bakhsh Sultaniwala, bingwa wa India, jitu la karibu futi saba. Gama alikuwa na futi tano na inchi saba. Watu walitegemea mauaji. Wakapigana muda mrefu, Gama akavuja damu, na ikaisha sare. Kuanzia hapo India nzima ikawa inataja jina lake.

Mwaka 1910 akapanda meli kwenda London na mdogo wake Imam Bakhsh. Wazungu wakamkataa kwenye mashindano kwa sababu ni mfupi. Akatangaza hadharani kwamba yuko tayari kumwangusha yeyote wa uzito wowote, wakadhani ni mbwembwe za kibiashara. Mmarekani Benjamin Roller akajitokeza, akaangushwa mara mbili, ya kwanza chini ya dakika mbili. Ndipo wakamletea Stanislaus Zbyszko wa Poland, mmoja wa wakubwa kabisa wa zama zile.

Tarehe 10 Septemba 1910 wakakutana. Zbyszko alipoona hali ngumu akalala kifudifudi kwenye mkeka na kung'ang'ania pale. Karibu saa tatu! Gama anavuta, anageuza, jamaa kagandamana kama kupe. Ikawa sare, wakapangiwa tena tarehe 17. Siku hiyo Gama alifika, Zbyszko hakutokea. Mkanda wa John Bull ukaenda kwa Mpunjabi mfupi waliyemkataa mlangoni. Aliporudi nyumbani akakutana tena na Raheem kule Allahabad na safari hii akamshinda.

Zbyszko alisubiri miaka 18 kurudiana. Wakakutana Patiala mwezi Januari 1928, maelfu kwa maelfu ya watu wamejaa. Gama alikuwa anakaribia miaka 50. Ilichukua chini ya dakika moja, Zbyszko akawa chali. Hapo ndo unaona mapaja yaliyopigishwa baithak kila siku kwa miaka 40 yanavyokuwa: yule wa London alikuwa na nguvu za kukaa chini saa tatu, huyu wa Patiala hakupata hata nafasi ya kulala.

Mwaka 1947 India ikagawanywa. Gama alikuwa Lahore, upande uliokuwa Pakistan, na majirani zake wengi walikuwa Wahindu. Inasimuliwa kwamba kundi la watu lilipokuja kuwafanyia fujo majirani hao, mzee wa karibu miaka 70 alitoka nje akasimama mbele yao pamoja na wanamieleka wake, na kiongozi wa kundi alipoleta ubishi akapigwa kofi moja. Kundi likatawanyika. Baadaye akawasindikiza majirani hadi mpakani na kuwapa posho ya njiani.

Uzeeni aliugua, na pesa hazikuwepo. Tajiri G. D. Birla wa India, Mhindu, alimtumia fedha za matibabu kuvuka mpaka. Gama alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960 na akazikwa hukohuko. Ile pete yake ya kilo 95 ilibaki Patiala, upande wa pili wa mpaka, na iko huko mpaka leo.