Boyd Neel: Daktari aliyeunda okestra mara mbili

Katika miaka ya 1950, uwanja wa mbio za farasi wa Thorncliffe Park mjini Toronto ulipoanza kugeuzwa makazi ya maghorofa, mhamiaji mmoja alikuwa akianza maisha mapya katika jiji hilo. Huyo ni Boyd Neel.

Alizaliwa London mwaka 1905, akasomea udaktari Cambridge. Mwaka 1933, akiwa bado anatibu wagonjwa, alikusanya wanamuziki vijana na kuunda okestra ndogo ya ala za nyuzi, jambo lililokuwa adimu Uingereza.

Mwaka 1937 okestra hiyo ilialikwa kwenye tamasha la Salzburg, Austria, lakini ilitakiwa ipige muziki mpya wa Kiingereza. Muda ulikuwa mfupi. Neel alimwendea Benjamin Britten, kijana wa miaka 23, naye akaukamilisha katika muda wa wiki chache. Muziki huo ulimjengea Britten sifa nje ya nchi yake.

Vita Kuu ya Pili vilimrudisha Neel kwenye udaktari, na vilipokwisha akarejea katika muziki.

Mwaka 1953 aliiacha London, akaenda kuongoza Chuo cha Kifalme cha Muziki cha Toronto. Mwaka uliofuata, akikaribia umri wa miaka 50, aliunda okestra nyingine, Hart House Orchestra.

Alifariki dunia Toronto mwaka 1981, akiwa raia wa Canada. Kwa wahamiaji waliolazimika kuanza upya ugenini, safari yake si ngeni.