Leonhard Euler na Namba 4,294,967,297

Leonhard Euler alizaliwa Basel, katika nchi ya Uswisi, tarehe 15 Aprili, 1707. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, akataka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini Johann Bernoulli, bingwa wa hesabu wa mji ule, alikiona kipaji cha kijana, akamsihi mzee amwachie. Mzee akakubali. Mwaka 1727 Euler akaenda kufanya kazi St. Petersburg, nchi ya Urusi.

Huko akakutana na neno la Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1665. Fermat alikuwa ametazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kuzipata si kazi: anza na 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4, kisha 4 kwa 4 upate 16, halafu 256, na 65,536, kila moja uiongeze 1. Inayofuata ni 4,294,967,297. Fermat aliamini kuwa hiyo nayo ni tasa, na zote zitakazofuata. Miaka tisini ikapita, wala hakutokea mtu wa kulivunja neno lake.

Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25, akaonyesha kuwa namba ile hugawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Msomaji, chukua karatasi ujaribu mwenyewe. Baadaye akathibitisha jambo la ajabu zaidi: namba yo yote tasa inayoigawanya ile kubwa, ukiigawa kwa 64, lazima ibaki 1. Basi ya nini kuhangaika na 3, 7 au 11? Za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano tu! Na hata leo, katika namba za jinsi ile, haijapatikana tasa nyingine baada ya zile tano za Fermat.

Mwaka 1738 jicho lake la kulia likaharibika. Akakaa Berlin tangu 1741 hata 1766, akarudi St. Petersburg, na huko jicho la pili nalo likaingia giza. Mwaka 1771 nyumba yake ikaungua, akaokolewa na mtumishi aliyembeba mgongoni. Kazi zake sasa alizitamka kwa mdomo, mwanawe na wasaidizi wakaandika.

Katika hali hiyo, mwaka 1772, alitoa habari kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa. Mtu wa kawaida angejaribu namba tasa zote zilizo chini ya 46,341, nazo ni zaidi ya 4,000. Euler alizichuja: ile isiyobakiza 1 au 63 ikigawanywa kwa 248, iwekwe kando.

Alifariki tarehe 18 Septemba, 1783, mwenye miaka 76. Siku ile ile alikuwa akizungumza juu ya njia ya Uranus, sayari iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla.